Chini ya yale mawe hakuna dhahabu

Nikisema tu kwamba ni mtu wa akiolojia, swali ni lilelile: "Mmeshapata dhahabu?" Zinafuata habari za zebaki nyekundu, ile inayovumishwa kuwa ya bei kubwa, na masanduku ya mali eti yaliyofichwa na wakoloni. Jamani! Makaburi ya mawe ninayoyazungumzia, magharibi mwa Ziwa Turkana, yalijengwa na wafugaji miaka 5,000 hivi iliyopita. Mkoloni alitoka wapi?

Chukua Lothagam Kaskazini. Ni jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30, na katikati yake walizikwa watu wasiopungua 580 katika muda wa karne kadhaa: wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mmoja ana pambo lake, shanga za ganda la yai la mbuni au za mawe ya rangi. Mmoja ana pambo la kichwani la meno 405 ya panya wa jangwani, yaani panya wasiopungua 113. Hayo utamuuzia nani? Kwangu hayana bei, ila yakiwa palepale yalipowekwa. Mwenye sururu akishayatawanya, hakuna tena atakayejua yalivaliwa na nani, wala kama yalikuwa ya kichwani au ya shingoni. Yeye anaondoka mikono mitupu, mifupa ya watu imemwagwa pembeni. Halafu anarudi na mganga, eti hazina "imehama".

Wengine wanashikilia kwamba kaburi kubwa hivyo lazima ni la mfalme. Wapi! Lothagam mapambo yameenea kwa wakubwa kwa wadogo, na hakuna dalili ya wachache waliotukuzwa. Nazo nguzo za basalti, jiwe jeusi la volkano, zilizosimamishwa kwenye makaburi haya hazikuchongwa na majitu, kama wasemavyo wengine. Lava ikipoa hupasuka yenyewe kwa pembe zile. Kazi ya watu ilikuwa kuzibeba na kuzisimamisha, nayo si ndogo.

Wapo pia wanaosema nguzo hizi zilielekezwa kwenye nyota: mwaka 1978 ilichapishwa hoja kwamba nguzo 19 za Kalokol, eneo jingine la mawe haya, zilipangwa kufuata nyota za kalenda ya Waborana. Waliorudia vipimo waliitilia shaka. Basalti huvuta sindano ya dira, na ukiwa na nguzo 19 na mbingu nzima, hukosi mbili tatu za kulingana. Ile ya wacheza ngoma waliogeuzwa mawe ni hadithi ya Waturkana. Sina ugomvi nayo.

"Jiwe moja tu la kumbukumbu" nalo ni wizi: nchini Kenya turathi hizi zinalindwa na sheria ya 2006, na kuchimba bila kibali ni kosa. Mpiga picha anayepanga vijiwe ili mandhari ipendeze simpendi vilevile. Kesho nitakuwa napima kazi yake nikidhani ni ya kale. Ukikuta shimo jipya, lipige picha, kariri mahali, mwambie chifu au Makumbusho ya Taifa. Usilifukie kwa nia njema. Udongo ukishachanganywa, unatuzidishia kazi.