Kompyuta ya Posta ya Uingereza na sheria iliyoiamini

Kashfa ya Posta ya Uingereza, ambayo mamia ya mawakala wake walitiwa hatiani kwa upungufu wa pesa ulioonyeshwa na kompyuta, husimuliwa sana kama habari ya programu mbovu. Programu ilikuwa mbovu kweli, lakini programu haimpeleki mtu jela. Mahakama ndiyo humpeleka, nayo hufanya hivyo kwa ushahidi. Mimi ni wakili, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni ushahidi unaotoka kwenye kompyuta. Nataka kueleza upande ambao magazeti huupita haraka: kifungu kimoja cha sheria kilichofutwa bila kelele mwaka 1999, mwaka uleule Posta ilipoanza kusambaza mfumo wake mpya wa hesabu nchi nzima.

Mfumo huo unaitwa Horizon, na uliendeshwa na kampuni ya Fujitsu. Ofisi nyingi za posta Uingereza, hasa vijijini, huendeshwa na mawakala. Mtu ana duka lake la magazeti na maziwa, na pembeni ana kaunta ambapo wazee huchukua pensheni na watu huweka au kutoa pesa. Aliyewahi kuwa wakala wa pesa za simu Mwanza au Eldoret anaijua biashara hii: kamisheni ndogo, hesabu ya kufunga, na shoti ikitokea inakuangukia wewe. Mkataba wa mawakala wa Posta uliwabebesha hasara iliyotokana na uzembe au makosa yao wenyewe. Posta iliusoma kana kwamba kila upungufu ulioonekana kwenye skrini ni deni la wakala, hata chanzo chake kisipojulikana.

Jo Hamilton alikuwa wakala katika kijiji cha South Warnborough, kusini mwa Uingereza. Siku moja mfumo ulimwonyesha upungufu wa pauni 2,000. Akapiga simu ya msaada, akafuata maelekezo aliyopewa hatua kwa hatua, na upungufu ukawa mara mbili mbele ya macho yake. Madai dhidi yake yalifikia pauni 36,000. Alishtakiwa kwa wizi, kisha akakubali kukiri kosa la kutoa hesabu za uongo ili shtaka la wizi liondolewe. Ilikuwa sehemu ya makubaliano kwamba asiilaumu Horizon. Nimesoma mikataba mingi ya kukiri makosa, na sharti hilo bado linanikereketa. Mshtakiwa alizuiwa kuutaja utetezi wake wa kweli kama bei ya kutokwenda jela.

Sasa sheria yenyewe. Mwaka 1984 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai. Kifungu chake cha 69 kilisema kwamba maelezo yaliyotolewa na kompyuta hayapokelewi katika kesi ya jinai mpaka ithibitishwe kuwa kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa, au kwamba kasoro yake haikuathiri maelezo hayo. Mzigo ulikuwa wa upande wa mashtaka. Waendesha mashtaka walilalamika. Mwaka 1997 tume inayoshughulikia marekebisho ya sheria ikakubaliana nao kwamba kifungu kinasumbua bila faida, kwa hoja kwamba makosa mengi ya kompyuta ama huonekana papo hapo, ama hutokana na mtu aliyeingiza taarifa vibaya. Kifungu kikafutwa na sheria ya mwaka 1999, na ufutaji ukaanza kutumika Aprili 2000.

Kilichobaki ni dhana ya zamani ya mahakama: chombo huchukuliwa kuwa kilikuwa kizima mpaka atokee mtu wa kuonyesha vinginevyo. Dhana hiyo ilikuwa imetumika kwa vitu kama taa za barabarani, na kwa taa inaleta maana. Taa ikiharibika barabara nzima inaona, na ushahidi wa ubovu unapatikana kwa yeyote aliyepita pale. Horizon ulikuwa mtandao wa maelfu ya kaunta, na kilichotokea ndani yake kilijulikana kwa Fujitsu tu. Mwaka 2015, huko Dalmellington, Scotland, skrini iliganda wakati pauni 8,000 zilipokuwa zikiingizwa. Mhudumu akabonyeza tena kitufe cha kuthibitisha, kama ambavyo yeyote angefanya, na kila mbonyezo ukaandikwa kama pauni 8,000 nyingine. Pengo la pauni 24,000 likazaliwa bila hata noti moja kuguswa. Kosa la namna hiyo halionekani papo hapo kuwa ni kosa la mashine. Linaonekana kama wizi.

Kwa hiyo baada ya kufutwa kwa kifungu cha 69, mshtakiwa aliyesema "mashine imekosea" alitakiwa alete cha kuonyesha. Kumbukumbu za hitilafu ziko kwa Fujitsu. Wataalamu wa mfumo ni wa Fujitsu. Na anayemshtaki ni Posta yenyewe, maana Uingereza mtu au taasisi yoyote inaweza kufungua mashtaka ya jinai bila kupitia mwendesha mashtaka wa serikali. Posta ilikuwa mlalamikaji, mpelelezi, mshitaki na mwenye nyaraka, yote kwa pamoja. Katika hali hiyo, ukimwambia muuza duka atoe ushahidi wa kinyume, umeshamtia hatiani kabla kesi haijaanza.

Seema Misra, wakala wa West Byfleet, alijaribu. Kesi yake ya mwaka 2010 ilihusu zaidi ya pauni 74,000, na mawakili wake waliomba tena na tena taarifa za hitilafu za Horizon. Maombi hayakuwafikisha popote. Alitiwa hatiani kwa wizi na kufungwa miezi 15 akiwa mjamzito, siku mwanawe mkubwa alipotimiza miaka 10. Ndani ya Posta barua pepe zilizunguka zikishangilia kwamba hukumu ile itawavunja moyo wengine waliofikiria kuulaumu mfumo.

Upande wa madai haukuwa na afadhali. Lee Castleton wa Bridlington alidaiwa takriban pauni 26,000, akajitetea mwenyewe mahakamani kwa kukosa pesa ya wakili, akashindwa mwaka 2007 na kuamriwa kulipa gharama za Posta za pauni 321,000. Alifilisika.

Jinsi ukweli ulivyofichuka imeelezwa sana, nitaipitia kwa kifupi. Alan Bates, aliyepoteza kaunta yake kule Llandudno mwaka 2003, aliwakusanya wenzake, na hatimaye watu 555 wakaishtaki Posta. Jaji Fraser alipotoa hukumu ya kwanza Machi 2019, Posta iliomba ajiondoe kwenye kesi kwa madai ya upendeleo. Ombi likakataliwa. Desemba mwaka huo alihukumu kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kuzalisha upungufu wa uongo. Msimamo wa Posta akaufananisha na kushikilia katika karne ya 21 kwamba dunia ni bapa. Ilibainika pia kwamba wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kubadilisha hesabu za kaunta bila wakala kujua, jambo ambalo Posta ilikuwa imelikana kwa miaka. Tarehe 23 Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39, akiwamo Hamilton na Misra, ikisema mashtaka yale yaliidhalilisha dhamiri ya mahakama. Mwanasheria wa nje, Simon Clarke, alikuwa ameiandikia Posta mwaka 2013 kwamba ushahidi wa mtaalamu wake mkuu kutoka Fujitsu hauaminiki tena. Kwa miaka mingi barua hiyo haikuwafikia waliokuwa wameshahukumiwa.

Kisha siasa zikaingia. Januari 2024 runinga ya ITV ilionyesha tamthilia kuhusu Bates na wenzake, na ndani ya siku chache serikali ikatangaza jambo ambalo wanasheria wa Uingereza hawakuwa wamelizoea: Bunge lingefuta hatia hizo kwa sheria. Ilianza kutumika tarehe 24 Mei 2024, na mamia ya watu wakaamka wakiwa hawana tena hatia bila kukanyaga mahakama ya rufaa. Uingereza haina katiba moja iliyoandikwa inayoweza kulizuia Bunge, kwa hiyo uwezo upo. Nafurahia matokeo kwa moyo wote, kwa kuwa wengine walikuwa wamezeeka na wengine wamekwisha kufa. Lakini njia hiyo inanitia hofu. Bunge linaloweza kufuta hukumu elfu moja leo kwa nia njema limejifunza kwamba inawezekana. Na sheria yenyewe iliwaacha nje waliokuwa wamekata rufaa wakashindwa. Waliothubutu kwenda mahakamani mapema ndio waliobaki na hatia zao, wakiambiwa waanze tena. Hilo silikubali.

Julai 2025 tume ya uchunguzi wa kashfa hii, chini ya Sir Wyn Williams, ilitoa sehemu ya kwanza ya ripoti yake, ikieleza kwamba huenda watu 13 walijiua kwa sababu ya mkasa huu. Mwanzoni mwa mwaka huohuo Wizara ya Sheria ilikuwa imeanza kukusanya maoni kuhusu namna ushahidi wa kompyuta unavyopokelewa katika kesi za jinai.

Wapo wanaotaka kifungu cha 69 kirudi kama kilivyokuwa. Mimi sitaki, na hapa uzoefu wa Kenya unasaidia. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinadai cheti kilichotiwa saini na mtu mwenye wadhifa kuhusiana na uendeshaji wa kompyuta husika. Ni hatua nzuri, lakini angalia nani anatia saini. Katika kesi za Horizon cheti hicho kingetoka Fujitsu, nao wangesaini bila shida, kwani walikuwa wakija mahakamani na kusema hayohayo kwa kiapo. Karatasi moja isingemwokoa Misra.

Angeokolewa na nyaraka. Fujitsu ilikuwa na kumbukumbu ya hitilafu zinazojulikana, na hicho ndicho ambacho mshtakiwa wa kesi ya kompyuta anatakiwa kukabidhiwa tangu mwanzo bila kuomba: orodha ya hitilafu zilizoripotiwa, ripoti za ukaguzi wa mfumo, na majina ya walio na ruhusa ya kuingia kwa mbali pamoja na tarehe walizoingia. Mwenye mfumo asipozitoa, takwimu zake zisipokelewe. Na kampuni inayodai imeibiwa isiruhusiwe kuwa ndiyo inayoshtaki.

Wizara inapoandika sheria mpya, hayo mawili ndiyo nitakayoyatafuta kwanza.