Poinsetia ya Julai hailali bila sababu

"Dada, hilo ua ukilikata tu linalala." Msimu huu kauli hii nimeisikia kwa shangazi wa bibi harusi, nikaisikia kwa kamati ya jubilei ya parokia, na kwa mama mchungaji mmoja ambaye uani kwake kuna poinsetia, lile ua la Krismasi, iliyopita paa la jiko, nyekundu juu hadi chini. Wote hao, wakimaliza kuniambia hivyo, wananiuliza nauli ya maboksi ya waridi kutoka Arusha hadi Njombe.

Linalala, yaani linalegea na kunyauka, sikatai. Linakatwa saa saba mchana, linashikwa mkononi watu wakipiga picha, kisha linachomekwa kwenye chupa ya maji ya bomba kama mchicha. Likilala, lawama ni kwa ua.

Poinsetia ni ukoo mmoja na mnyaa na muhogo. Ukikata shina linatoa utomvu mweupe, na utomvu huo ukiganda unaziba mirija ya maji pale pale ulipokata. Juu, majani yanaendelea kupoteza maji kama kawaida. Kwa hiyo ua linakufa kwa kiu huku limesimama ndani ya ndoo iliyojaa. Kuongeza maji hakusaidii kitu.

Kata asubuhi kabla umande haujakauka, au jioni jua likishazama. Angalia katikati ya ule wekundu: kuna vidude vya kijani na manjano, na hivyo ndivyo maua yenyewe. Wekundu ni majani tu yaliyobadilika rangi. Vidude vikiwa bado vimefumba au vimeanza kufunguka kidogo, kata. Vikiwa vimeshamwaga chavua au vimepukutika, liache hapo mtini, limezeeka hata kama rangi inakudanganya. Chagua shina lililokomaa kidogo, si lile la juu laini linalopinda. Ng'oa majani ya kijani karibu yote, maana hayo ndiyo yanayomaliza maji.

Halafu choma. Washa mshumaa, pitisha ncha ya shina kwenye moto hadi uone utomvu umeacha kutoka na ncha imekuwa nyeusi. Ni sekunde chache. Asiyetaka moto achukue kikombe cha maji yanayochemka, atumbukize sentimita 2 au 3 za mwisho kwa nusu dakika, na kichwa cha ua akifunge kwa gazeti ili mvuke usikiguse. Kutoka hapo ua liende moja kwa moja kwenye ndoo ya maji ya kawaida, maji yafike karibu na shingo, likae humo usiku kucha kwenye chumba chenye giza. Asubuhi lililosimama litakutumikia hadi wiki iishe na zaidi. Lililolegea tupa, usilibembeleze.

Watu wanaofuata yote haya wanakuja kuharibu mezani. Shina limekuwa refu kuliko chombo, mtu anachukua mkasi, anapunguza kidogo, anachomeka. Utomvu umeanza upya! Ukikata tena, choma tena. Ndiyo maana mimi hupima urefu na chombo kabla ya kuchoma, si baada.

Na kuna hili la kuacha ndoo nje "lipate baridi, si ndiyo friji ya bure." Waridi sawa, waridi hulihifadhi hata kwenye nyuzi 2 hadi 4 na linakushukuru. Poinsetia asili yake ni Meksiko, mahali pa joto, na ikikaa chini ya nyuzi 10 hivi inaanza kuumia: wekundu unaingia ubuluu, kisha unadondoka. Usiku wa Julai Njombe tunashuka chini ya hapo bila shida, na mabondeni asubuhi unakuta jalidi kwenye majani. Ndoo ikae ndani, stoo au sebuleni, mbali na jiko la mkaa.

Wapo pia wanaosema mti umechanganyikiwa, kwamba ua la Krismasi likichanua Julai ni dalili mbaya, hivyo halifai harusini. Mti haujui Krismasi. Unasubiri usiku mrefu. Kwao, kaskazini ya ikweta, usiku mrefu ni wa Desemba. Kwetu Nyanda za Juu Kusini ni wa Juni, unapozidi saa 12 kwa dakika 20 na ushei, na tofauti hiyo ndogo inatosha. Kama wako bado ni wa kijani wakati wa jirani umewaka, tazama juu kabla ya kununua mbolea. Taa ya ulinzi inayowaka hadi alfajiri inaufanya mti uamini usiku ni mfupi. Nimewahi kuuona mti mmoja, upande wa taa kijani kitupu, upande wa ukutani mwekundu.

Sumu? Utomvu wa poinsetia unawasha ngozi, unauma ukiingia jichoni, na mtoto akitafuna jani anaweza kutapika. Hauui watu kama mnavyohadithiana. Cha ajabu, mtu huyo huyo anayeikataa poinsetia mezani ananiletea maua ya tarumbeta, yale makubwa yanayoning'inia, niyaweke karibu na sahani za pilau. Hayo ndiyo ya kuogopa: kila sehemu yake ni sumu kali. Hata mnyaa wa uzio wenu una utomvu mkali kwa macho kuliko poinsetia, na watoto wanauchezea kila siku.

Sukari peke yake kwenye maji inalisha bakteria. Panadoli haifanyi chochote. Habari mlizosikia ni za aspirini, na hiyo ni dawa nyingine. Kama unataka chakula cha maua, lita 1 ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya limau, na nusu kijiko cha jiki. Jiki iingie kwenye maji kwanza. Usiikutanishe na limau vikiwa vitupu. Na osha ndoo. Ndoo chafu inashinda kila dawa.

"Maji mengi ndiyo uhai wa ua." Si kwa zile lili nyeupe za kala zinazoota kando ya mfereji. Shina lake ni sponji, likizama sana linaoza na ncha zinapasuka na kujikunja. Vidole vitatu vya maji vinatosha, na funga ncha kwa utepe wa gundi.

Oasisi, ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, msiikandamize kwa mkono ndani ya maji. Iacheni ielee izame yenyewe, la sivyo katikati inabaki kavu. Mimi nimeiacha kabisa: ni plastiki, haiozi, na haitumiki mara mbili. Wavu wa banda la kuku, kipande cha sentimita 40, ukiukunja kama kitumbua na kuusokomeza ndani ya kopo, unashika shina kwa miaka. Kopo liingie ndani ya kikapu cha milulu cha Iringa, na hakuna mgeni atakayejua.

Kijani ndicho kitangulie. Msaipresi wa uzio, msonobari, matawi machanga ya mkaratusi yale ya rangi ya majivu, makangaga ya nyuma ya bafu. Jaza kikapu hadi wavu usionekane, koni za msonobari chini, ndipo uingize poinsetia saba au tisa, si arobaini. Arobaini ni duka la kanga.

Na Kitulo si bustani ya mama yako, hata kama watu huiita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ua la mle halichumwi. Ukitaka yale makavu ya manjano yasiyonyauka, yapo kwenye kingo za mashamba yenu. Chuma yakiwa hayajafunguka vizuri, maana yanaendelea kufunguka yakiwa yananing'inia kichwa chini.

Sherehe ikiwa Jumamosi, poinsetia inakatwa Alhamisi jioni au Ijumaa alfajiri. Jumamosi saa nne, waalikwa wakiwa njiani, msinipigie simu.