Dubai ya Desemba: yanayosemwa vijiweni na yalivyo kweli

Kila anayetaka kwenda kupumzika Dubai mwisho wa mwaka hupewa hadithi mbili kabla hajakata tiketi. Ya kwanza ni ya mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh ambaye huenda kufunga mzigo Deira, mtaa wa zamani wa biashara wa Dubai, akalala vyumba vya kuchangia, akala chapati na dengu, akarudi. Ya pili ni ya picha za mtandaoni: bwawa juu ya paa, Burj Khalifa nyuma, glasi mkononi. Zote mbili ni za kweli. Balaa huja zikichanganywa, mtu akapanga mapumziko ya kifahari kwa bajeti ya Deira, au akaghairi safari nzima kwa sababu ya bei alizoziona kwenye picha.

“Kule ni joto mwaka mzima”

Hili husemwa sana na watu wa Pwani, na ndio wanaoumbuka zaidi. Januari Dar es Salaam ni kaskazi: mchana nyuzi 32, na usiku joto halishuki sana chini ya 25. Mwezi huohuo mchana wa Dubai huwa nyuzi 24 hivi, na usiku hushuka hadi 14 au 15. Yaani ukitoka Dar au Mombasa wakati huo, unakimbia joto. Jangwani, kule watalii wanakopelekwa jioni kupanda magari kwenye vilima vya mchanga na kula nyama choma, usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na upepo wa shamali ukivuma hakuna atakayekukumbusha kwamba uko Uarabuni. Beba sweta, na soksi za mtoto pia.

Bahari nayo hupoa hadi nyuzi 22 au 23. Mzungu aliyetoka kwenye theluji ataiona tamu. Aliyezoea kuogelea Kigamboni au Nyali ataingiza miguu na kutoka. Ndiyo maana hoteli nyingi hupasha moto maji ya mabwawa yao msimu huu, na kiangazi huyapoza. Uliza kabla ya kulipia, kwa sababu si zote.

Mvua huwa chache, lakini zikija huja zaidi kati ya Desemba na Machi, na barabara nyingi hazikujengwa zikizitarajia. Kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za karibuni ilinyesha nje ya msimu huo, tarehe 16 Aprili 2024: zaidi ya milimita 140 kwa siku moja, kiasi ambacho mji huo kwa kawaida haukipati hata kwa mwaka mzima. Uwanja wa ndege ulivurugika kwa siku kadhaa. Kwa msafiri wa kawaida wa Desemba cha kutazamia zaidi ni ukungu wa alfajiri, ambao nao huchelewesha ndege.

Kwa maoni yangu baridi hii ndiyo sababu hasa ya kwenda. Global Village, kiwanja cha maonyesho na burudani cha nje, na bustani ya maua ya Miracle Garden hufunguliwa miezi ya ubaridi tu. Agosti zimefungwa, na watu wote wamejificha ndani ya maduka yenye viyoyozi.

“Desemba kuna mapunguzo, kwa hiyo ni rahisi”

Mapunguzo yapo. Tamasha la ununuzi, Dubai Shopping Festival, lilianza 1996 na miaka ya karibuni huanza Desemba na kuvuka hadi Januari. Ila punguzo hilo liko kwenye viatu na televisheni, si kwenye kitanda. Wiki hizohizo Ulaya na Urusi zinaganda, shule zimefungwa, na kila mwenye uwezo anatafuta jua. Kati ya wiki ya Krismasi na siku za kwanza za Januari, vyumba na tiketi hupanda kupita kiasi.

Asiye na watoto wa shule aende nusu ya pili ya Januari. Hali ya hewa ni ileile, na foleni zimepungua, ingawa miaka ya karibuni tamasha huwa limeshakwisha. Mwenye watoto atafute siku za kati, baada ya sikukuu ya taifa ya tarehe 2 na 3 Desemba na kabla ya tarehe 18 hivi. Na bei ya chumba uisome hadi mstari wa mwisho: kuna VAT ya asilimia 5 iliyoanza 2018, kuna ada ya manispaa, kuna ada ya huduma, na juu yake kuna tozo ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa kila chumba kwa kila usiku, kulingana na daraja la hoteli. Baadhi ya mitandao huonyesha bei kabla ya hayo yote.

Krismasi yenyewe si siku ya mapumziko huko. Tarehe 25 watu wanakwenda kazini. Lakini kanisa katoliki la St. Mary’s, mtaa wa Oud Metha, hujaa hadi nje, na madukani miti ya Krismasi ni mirefu kuliko yoyote utakayoikuta Nairobi.

Mkesha wa mwaka mpya una hesabu zake. Fataki za Burj Khalifa ni bure kuzitazama, ila ukitaka kuzitazama ukiwa umekaa chini ya jengo, mgahawa utakutoza bei ya usiku ule. Barabara za jirani hufungwa mapema, na kituo cha metro cha Burj Khalifa/Dubai Mall nacho hufungwa jioni, wakati mwingine hata kabla. Aliyedhani atafika saa tano usiku huishia kutembea kwa miguu na maelfu ya wenzake. Jengo lina urefu wa mita 828. Linaonekana vizuri tu ukiwa mbali.

“Ni mji wa matajiri”

Ukitua Terminal 1 au 3, metro iko palepale. Ilizinduliwa 2009, haina dereva, na nauli ya kadi ya Nol ya kawaida ni dirhamu 3 ndani ya kanda moja, 5 kwa kanda mbili, 7.50 ukivuka zaidi. Kadi hununuliwa dirhamu 25, na 19 kati ya hizo ni salio lako. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997 kwa kiwango cha 3.6725, kwa hiyo hesabu haikusumbui: dirhamu moja ni kama senti 27 za dola. Kwa dirhamu hiyo moja unavuka hori, Dubai Creek, kutoka Deira hadi Bur Dubai ukiwa umekaa kwenye abra, mashua ya mbao, na hakuna ziara ya gharama kubwa iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Ufukwe wa Kite Beach ni bure. Kuingia Dubai Mall ni bure. Chakula cha Wahindi na Wapakistani mitaa ya Deira, Karama na Satwa hushibisha kwa fedha ambayo kwenye hoteli ya Palm Jumeirah, kisiwa cha kutengenezwa, hainunui hata juisi. Kinachogharimu ni vile vitu vya picha: kupanda Burj Khalifa saa ya machweo ni ghali kuliko asubuhi, na Burj Al Arab, iliyofunguliwa 1999, inaitwa hoteli ya nyota saba ingawa hakuna daraja rasmi la namna hiyo. Ni nyota tano, za ghali sana.

Tahadhari ya metro: behewa la wanawake na watoto lina alama yake, na mwanamume akiingia humo faini ni dirhamu 100. Kula, kunywa au kutafuna bigijii ndani ya treni ni 100 nyingine.

“Dhahabu ni bei ya kutupa”

Bei ya gramu hupangwa kila siku kufuata soko la dunia, na soko zima la dhahabu la Deira hufuata bei hiyohiyo. Anayekwambia gramu yake ni nusu bei anakuuzia kitu kingine. Kinachopatanwa ni ufundi, yaani gharama ya kutengeneza mkufu au bangili, na hapo usione haya: patana. Ukinunua kuanzia dirhamu 250 kwenye duka lililo katika mpango wa kuwarudishia watalii kodi, omba risiti yake mapema, kisha uihakiki uwanjani kabla hujakabidhi begi. Unarudishiwa sehemu kubwa ya ile VAT, si yote. Nyumbani nako kuna forodha, na mikufu sita shingoni haiwi nguo za kawaida kwa sababu tu umeivaa.

“Mji wa juzi, mafuta tu”

Mafuta yaligunduliwa 1966, na leo mchango wake katika uchumi wa Dubai ni chini ya asilimia 2. Kabla yake kulikuwa na lulu, na kabla na baada kulikuwa na biashara ya bahari. Ngome ya Al Fahidi ilijengwa 1787. Jirani yake, mtaa wa Al Fahidi, zamani Bastakiya, ulijengwa na wafanyabiashara kutoka Uajemi mwishoni mwa karne ya 19, na minara yake ya kunasia upepo bado imesimama.

Ingia nyumba ya zamani ya Ghuba kisha tazama juu. Boriti za dari za nyumba nyingi za aina hiyo zilikatwa kwenye mikoko ya Lamu na delta ya Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Kaskazi hiyohiyo inayotuunguza Januari ndiyo iliyoleta majahazi kwetu yakiwa na tende, yakangoja kusi yarudi na boriti. Usishangae basi mzee mwenye kanzu na kilemba akikujibu kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Wapo waliohamia Ghuba baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na Kiswahili walikwenda nacho.

Sheria: woga uko mahali pasipo pake

Watu huogopa yasiyo na shida. Mgeni halazimishwi kuvaa baibui, isipokuwa msikitini. Nguo za kuogelea ufukweni ni kawaida. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, wasiooana kukaa chumba kimoja si kosa la jinai. Pombe inauzwa kwenye hoteli na migahawa yenye leseni kwa waliotimiza miaka 21. Sharjah, jirani tu, hakuna kabisa.

Yanayowafunga watu ni mengine. Miraa ni marufuku, hata kishada kimoja ndani ya begi. Dawa za maumivu kama tramadol, au zenye kodeini, zinahitaji kibali hata kama daktari wako amekuandikia. Kumpiga mtu picha bila ridhaa ni kesi, na matusi ya WhatsApp pia. Kuvuka barabara pasipo kivuko ni faini ya dirhamu 400 au zaidi, na magari kule yanapita kulia, kwa hiyo shingo yetu hugeukia upande usio wake. Chaja yako tu ndiyo haitakusumbua: soketi ni zilezile za pini tatu za bapa tunazotumia nyumbani.

“Nikishafika nitatafuta kazi hukohuko”

Mtanzania, Mkenya na Mganda hupata viza kabla ya kusafiri, na viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi hata siku moja. Ukipitiliza muda, kila siku ni dirhamu 50. Mwajiri anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali, tangu marekebisho ya sheria ya 2024, anaweza kutozwa kuanzia dirhamu 100,000 hadi milioni moja, ndiyo maana waajiri wa maana hawathubutu, na wanaothubutu ni wale watakaokuzungusha mshahara. Gharama za kuajiri, kwa sheria ya huko, ni za mwajiri. Wakala anayekudai fedha za viza ya kazi huku akikupa ya utalii “uanzie nayo” anakuuzia mapumziko, tena kwa bei mbaya.