Kutu ya Karai Haiongezi Damu: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Mimi ni muuguzi mkunga, kazi yangu ni kliniki ya wajawazito. Miezi michache iliyopita aliingia mama mwenye mimba ya miezi minane, ameshikwa mkono na wifi yake. Viganja vyeupe, midomo haina rangi, na kutoka kwenye benchi hadi mezani kwangu alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Tulimpima wingi wa damu: 5.8. Kwenye mkoba wake mlikuwa na chupa ya maji ya rangi ya matofali, misumari mitatu imezama chini, na pembeni vidonge vyake vya FEFO, yaani vidonge vya madini ya chuma na foliki tunavyowapa wajawazito, hata kimoja hakijaguswa. Nyumbani, karai la chuma lilikuwa halijaoshwa kwa wiki tatu "ili litoe damu". Alipona kwa sababu aliwahi kabla uchungu haujaanza. Si wa kwanza kuamini kwamba kutu inaongeza damu, na ndiyo maana naandika.

Upungufu wa damu ni nini?

Ni damu kukosa chembe nyekundu za kutosha kubeba hewa mwilini. Kwa mjamzito, kipimo cha wingi wa damu kikiwa chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari. Wengi ninaowaona wamefika huko kwa malaria, minyoo ya safura, mimba za kufuatana, au chakula kisicho na madini ya chuma.

Lakini si kweli kwamba vyombo vya chuma vinaongeza damu?

Chombo cha chuma kinaachia madini kidogo kidogo kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu kama mchuzi wa nyanya, ukwaju au ndimu. Ethiopia waliwahi kulifanyia utafiti, ukachapishwa mwaka 1999: watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma, baada ya mwaka mmoja, walikuwa na damu nyingi kuliko waliopikiwa kwenye aluminiamu. Sasa soma tena hapo: mwaka mmoja, chakula cha kila siku. Mjamzito mwenye damu 6 hana mwaka. Ana wiki chache, na siku ya kujifungua atapoteza damu nyingine. Pikia chuma, ni vizuri. Lakini chungu hakitibu upungufu wa damu.

Na kutu? Si ni chuma hichohicho?

Hapana. Kutu ni chuma kilicholiwa na maji na hewa, na mwili haukitumii vizuri. Kingi kinapita tumboni na kuishia chooni. Kutu si damu, ingawa rangi yake inadanganya.

Hata nikiloweka misumari usiku kucha?

Hapana. Hujui msumari huo ulikuwa wapi. Ile ya kupigilia bati hupakwa zinki. Unakunywa uchafu, na siku zinakwenda.

Mama mkwe amesema yeye alitumia akazaa watoto saba salama.

Shikamoo yake iko palepale, namheshimu. Jibu bado ni hapana. Mwambie muuguzi amekuomba uje upimwe, na ikiwezekana aje naye. Wakina mama wakwe wengi, wakishaona namba kwenye kadi, ndio wanakuwa wakali nyumbani kuhusu vidonge.

Sufuria yangu ni ya chuma?

Chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Sufuria nyepesi za kung'aa tunazopikia ugali na wali ni aluminiamu, sumaku haishiki. Wengi wanaosema "mimi napikia chuma" wanapikia aluminiamu. Chuma ni lile karai zito jeusi na kikaango cha chapati.

Nikisugua karai, si naondoa ile nguvu yake?

Huondoi. Madini yamo kwenye chuma chenyewe, si kwenye masizi wala kutu. Karai osha kila ukimaliza kupika, likiwa bado na uvuguvugu: maji ya moto, sifongo au dodoki, sabuni kidogo kama kuna shombo. Usililoweke kwenye beseni hadi asubuhi, hapo ndipo kutu inapoanzia. Ukishaosha, lirudishe kwenye jiko lenye makaa ya mwishomwisho mpaka lisikie joto na tone la mwisho likauke, kisha paka mafuta ya kula kwa kitambaa, membamba tu, ndani na nje. Likifanyiwa hivi kila siku linajenga ngozi nyeusi laini na chapati hazigandi.

Kama kutu imeshashika, sugua kwa stilwaya au majivu na chumvi mpaka uone chuma cha kijivu, suuza mara mbili tatu, kausha motoni, paka mafuta, lipashe tena mpaka litoe moshi kidogo. Kagua vipande vya stilwaya kabla ya kupika, vinakwama kooni. Mafuta ya jana yaliyoganda humo yamwage. Yanachacha na kuita mende na panya.

Na tafadhali, karai lililofuliwa kutoka kwenye pipa, uliza pipa lilibeba nini. La kemikali au rangi usilipikie, hata ukilisugua mwezi mzima.

FEFO zinanitapisha, ndiyo maana naziacha.

Najua, na sikulaumu. Meza baada ya chakula au unapokwenda kulala. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Meza na maji ya machungwa au ya ndimu, si na chai. Chai inazuia madini yasiingie, iache saa moja au mbili. Ikishindikana kabisa, rudi utuambie tukubadilishie mpangilio. Ukivificha mkobani hatujui. Kimoja kila siku, mimba nzima, na kama damu ni ndogo tutakuambia vingapi. Juisi ya rozela na mchicha endelea navyo kama chakula, lakini kidonge kinabaki palepale.

Weka vidonge juu, mbali na watoto. Mtoto akivimeza vingi akidhani ni pipi, vinaweza kumuua.

Natamani sana udongo.

Hamu hiyo mara nyingi ni dalili kwamba madini yamepungua, na udongo wenyewe unazidi kuyazuia. Njoo upime.

Mwenye selimundu (sikoseli) naye ameze?

Asijinunulie. Aliyeongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma kingi tayari mwilini. Aulize kliniki yake kwanza.

Nijaribu kwanza karai na misumari wiki mbili, nisipopata nafuu nije?

Hapana. Wiki mbili hizo ndizo zinazotuumiza. Njoo upime kwanza. Kipimo ni tone la damu kidoleni, majibu unayapata siku hiyohiyo.

Ni Ijumaa usiku, wifi yangu mjamzito anahema akiwa amekaa, moyo unamwenda mbio, anaona kizunguzungu. Kliniki ni Jumatatu.

Usisubiri Jumatatu. Usisubiri hata asubuhi. Kuhema ukiwa umekaa, mapigo ya kasi, kuzimia, viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe: hiyo ni hospitali usiku huohuo, hospitali yenye damu ya kuongezea. Mwamshe jirani mwenye gari au bajaji, usimpandishe bodaboda anaweza kuzimia njiani. Beba kadi yake ya kliniki, na mwende na ndugu wawili wazima wanaoweza kuchangia damu.