Fremu ya CNC: panua bomba kabla ya kunenepesha chuma

Wengi wanaoleta mashine zao za CNC (za kukatia mbao zikiongozwa na kompyuta) za kujiundia hapa karakana kwetu Unga Limited, Arusha, huja na jibu tayari: "Fundi, tuweke chuma kinene." Mashine ikikata plaiwudi haina neno. Ikikutana na mninga inatetemeka, kingo zinatoka na mawimbi, na kisu kinavunjika. Chuma kinene kitasaidia, ila kidogo kuliko wanavyodhani.

Chukua daraja, ile boriti ya juu inayobeba mota ya kukatia. Bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, ukuta milimita 3, lina kilo 4.4 kwa mita. Ukiweka la ukuta wa milimita 6, uzito unafika kilo 8.3, lakini ukakamavu wake unapanda mara 1.7 tu. Weka la 100 kwa 100 lenye ukuta uleule wa milimita 3: uzito kilo 9.1, ukakamavu karibu mara 9! Chuma kikikaa mbali na katikati ya bomba, ndipo kinapokataa kupinda.

Halafu kuna kujisokota, jambo ambalo watu hulisahau. Kisu kinafanya kazi chini ya daraja, kwa hiyo kila kikisukumwa na mbao kinalisokota. Bomba lililofungwa pande zote linahimili. Chaneli, yaani chuma cha umbo la U kilicho wazi upande mmoja, hata ikiwa nene, hujisokota kirahisi mno. Mimi siiweki kwenye daraja hata mteja akinipa bure.

Kabla ya kununua chochote, tafuta panapolegea. Vuta kichwa cha mashine kwa mizani ya kuning'iniza hadi isome kilo 10, huku saa ya kupimia (inayoonyesha hata kusogea kudogo sana) ikigusa kichwa, kisha daraja, kisha nguzo za pembeni. Mara nyingi daraja halina kosa: beringi zimelegea, au reli ambazo kichwa hutelezea ni fito za duara zilizoshikwa ncha mbili tu. Hapo fremu mpya ni kupoteza hela bure.

Kuchomelea nako kuna hila zake, maana moto huvuta chuma. Shika kwa vinukta kwanza, pima kona kwa kona, kisha chomelea kidogo kidogo ukihama upande. Hata hivyo usitegemee kupata uso ulionyooka wa kufungia reli. Mimi humwaga epoksi ya kujisawazisha kwenye vijia viwili vya reli, nikiviunganisha kwa mfereji ili ishike usawa mmoja pande zote, naiacha ikauke kabisa ndipo nitoboe.

Mota za NEMA 23 (saizi ya mota zinazosogeza mashine hatua kwa hatua) kwa kawaida zitaumudu uzito ulioongezeka, mradi upunguze mchapuko kwenye programu. Usipopunguza zitaruka hatua kimyakimya, na utakuja kugundua mlango wa mteja ukiwa umeshaharibika.