Kioo chako kimepimwa lini?

Msimu wa korosho ukikaribia, mizani za vyama vya msingi huku kwetu Mtwara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Mkulima wa Tandahimba hakubali gunia lake lipimwe kwenye mizani isiyoeleweka, na ana haki. Ila sisi watu wa video tunakaa mbele ya kioo cha kompyuta ambacho hakijawahi kupimwa na yeyote, tunapimia ngozi za watu na shela za maharusi, kisha tunashangaa mteja akirudi na fleshi mkononi.

Mimi nilirudishiwa. Ilikuwa harusi ya Chikongola, niliigredi, yaani niliirekebisha rangi, kwenye laptopu usiku kucha. Siku ya kuitazama nyumbani kwa baba wa bibi harusi, mzee aliangalia TV, akanigeukia, akauliza taratibu: "Mwanangu, hawa umewapaka mawese?" Kweli, ukumbi mzima ulikuwa wa rangi ya chungwa, hadi shela.

Nilichukua muda kuelewa kilichotokea. Kioo cha laptopu yangu kilikuwa kinavuta kwenye bluu. Niliziona sura zimepoa, nikaongeza joto mpaka zikanipendeza. Lakini ile bluu ilikuwa ya kioo, haikuwamo kwenye video. Joto nililoongeza ndilo lililobaki kwenye faili. Ndivyo kosa la kioo linavyoingia kazini, kinyumenyume. Kioo chenye giza kinakutolea video iliyoungua kwa mwanga, na kioo kinachokoleza rangi kupita kiasi kinakutolea video iliyopauka.

Kuna vijana huniambia, "Kaka, unajisumbua, watu wote wanatazama kwenye simu." Sawa. TV ya yule mzee nayo ilikuwa imewekwa Vivid, ile hali ya kukoleza rangi, kwa hiyo chungwa langu likakutana na chungwa lake. Simu na TV za wateja zimetawanyika pande zote, hii bluu kidogo, ile nyekundu kidogo. Ukiwa katikati, kila mmoja anakuona umekosea kidogo tu. Ukiwa pembeni, wapo watakaojumlisha kosa lao na lako.

Katikati hiyo ina namba. Kwa video za kawaida, zisizo za HDR (zile za mwanga mkali zaidi), tunafuata Rec. 709, kiwango cha rangi za video cha ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, kilichoanza mwaka 1990. Weupe wake ni D65, yaani kama Kelvini 6,500, kipimo cha joto la rangi: namba ikishuka weupe unaelekea njano, ikipanda unaelekea bluu. Mwangaza wa nyeupe ni niti 100 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo) kwenye chumba chenye giza, na gama, yaani namna mwangaza unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe, ni 2.4. Chumba kikiwa na mwanga kiasi, gama 2.2 inafaa zaidi. Niti 100 itakushtua mwanzoni. Utadhani kioo kinakufa, kwa sababu TV ya dukani inawaka mara tatu au nne ya hapo.

Kwenye kununua, sitakutajia modeli moja, zinabadilika kila mwaka. Vioo viko vya aina tatu kubwa: IPS, VA na OLED. Monita ya IPS ndiyo pa kuanzia, kwa sababu ukisogeza kichwa rangi hazikimbii. Nyeusi yake ni ya kijivukijivu, kontrasti, yaani tofauti ya nyeupe na nyeusi, ni kama 1000 kwa 1. VA ina nyeusi nzito zaidi, lakini ukikaa upande vivuli vinabadilika. OLED huzima kila nukta peke yake, na wagredi wengi duniani wanatumia TV za LG OLED za familia ya C kama kioo cha mteja kutazamia kazi studio. Tatizo lake ni kwamba inajipunguza yenyewe picha nzima ikiwa nyeupe, na menyu ya programu ya kuhariri ikikaa palepale miezi na miezi inaweza kuacha alama.

Hapa wengi wanaliwa pesa: tangazo la "asilimia 95 ya P3", kiwango cha rangi pana cha sinema. Sauti tamu, lakini Rec. 709 na sRGB, kiwango cha rangi cha kompyuta na intaneti, zina rangi za msingi zilezile na weupe uleule, kwa hiyo kwa kazi ya harusi na YouTube unachohitaji ni kioo kinachojaza sRGB. Kioo cha rangi pana kisichodhibitiwa kitaifanya kanga nyekundu iwake kama moto. Utapunguza ukolevu, na kwenye simu ya mteja kanga itaonekana imefuliwa mara mia.

Nikienda dukani nabeba fleshi yenye picha tatu: kijivu tupu, ngazi ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na uso wa shangazi yangu niliyempiga picha kivulini, barazani kwake Mikindani. Muuzaji atataka kukuonyesha yale matunda na kasuku. Mwombe akuwekee kijivu. Kikiwa na waridi upande mmoja na kijani upande mwingine, rudisha, maana hakuna kipimo kitakachotibu doa la kioo. Uso wa shangazi naujua vizuri kuliko kipimo chochote.

Kabla hujanunua kifaa cha kupimia, shughulikia chumba. Ukuta wangu wa zamani ulikuwa na rangi ya bahari, nilijivunia sana. Jicho likishazoea ile rangi, kila uso mbele yake unaonekana mwekundu kuliko ulivyo. Nikawa napunguza nyekundu, ngozi za watu zikapauka kama hazijapakwa mafuta wiki nzima. Siku hizi ukuta nyuma ya kioo ni wa kijivu. Nilichanganya ndoo ya rangi nyeupe na nyeusi kidogo, fundi akacheka. Dirisha linaloangalia baharini lina pazia zito, na kazi ya rangi naifanya baada ya saa mbili usiku. Stebilaiza ninayo, lakini tusidanganyane: haisahihishi rangi, inaokoa kioo umeme ukiruka.

Kisha menyu. Chagua Movie, Cinema au Filmmaker Mode, zima kila kinachojidai kuboresha: kontrasti ya kujiendesha, kulainisha mwendo, kihisi cha mwanga wa chumba, kuokoa umeme. Weupe uweke Warm. Hapo tu umeshapiga nusu ya safari bila kutoa senti.

Nusu iliyobaki inahitaji kolorimita, kifaa cha kusoma rangi za kioo, kama zile za Calibrite au Spyder. Ukikosa ya kununua, changeni watatu wanne, haitumiki kila siku. Washa kioo nusu saa kwanza kipate joto, itundike katikati, na programu za bure za DisplayCAL na ArgyllCMS zitakurushia rangi moja baada ya nyingine na kusoma. Wasichoambiwa wengi ni hiki: profaili ya ICC inayotengenezwa hapo, yaani faili la kusahihisha rangi za kioo, programu nyingi za video haziitazami kabisa. Kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri na kugredi, tengeneza LUT ya 3D, yaani jedwali la kusahihisha rangi, uipakie kwenye nafasi ya LUT ya monita ndani ya mipangilio ya rangi. Ukiweza, toa picha kupitia kifaa cha kupeleka video kwenye monita kama UltraStudio Monitor 3G ili Windows isiguse chochote njiani. Na hakikisha pande zote mbili, kompyuta na kioo, zinakubaliana kama nyeusi hadi nyeupe ni 16 hadi 235 au 0 hadi 255. Zikipishana, nyeusi inazama au inakuwa moshi. Baada ya hapo tofauti ya rangi, delta E, ikiwa chini ya 3, endelea na kazi. Wanaokesha wakitafuta 0.5 wana muda kuliko mimi.

Faida niliiona kwenye kinyago. Nilikuwa nimemrekodi mchongaji wa Kimakonde bandani kwake, mpingo mweusi, banda lenye giza. Kwenye kioo cha zamani kinyago kilikuwa donge tu, nikawa nimekata tamaa na ile picha. Baada ya kupima niliifungua tena bila kugusa kitu: mikunjo ya patasi mgongoni, mstari wa jasho kwenye mkono wa mchongaji, watu wadogo waliopandana hadi juu. Vyote vilikuwamo kwenye faili tangu mwanzo.

Napima upya kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Jana weupe ulikuwa umeshuka hadi 6,300 hivi, kioo kimeanza kuwa cha njano. Nimepandisha bluu pointi mbili, nikapima tena, nikamfungua shangazi. Amerudi kuwa mwenyewe.