Mkojo umetoka, figo je?

Mbuzi aliyehasiwa akizibuliwa mkojo, wafugaji wengi wa huku Mbeya hushusha pumzi. Mimi ndipo wasiwasi wa figo unaponianza.

Chanzo cha kuziba mara nyingi ni pumba za mahindi. Zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na baridi ya Juni na Julai ikimfanya mbuzi anywe maji kidogo, vijiwe hujijenga. Hunasa kwenye kijimkia cha ncha ya uume au kwenye kona za mrija wa mkojo. Mbuzi anajikamua, anasaga meno, na mwenye mbuzi anadhani amefunga choo. Wakati huo mkojo unarudisha shinikizo hadi kwenye figo.

Kwenye damu naiamini kreatinini kuliko urea (zote ni taka ambazo figo huzitoa kwenye damu), kwa sababu mbuzi hurudisha sehemu ya urea tumboni kupitia mate. Lakini kreatinini ya siku ya kwanza haikwambii kama figo imeharibika: kuziba kwenyewe kunaipandisha, na upungufu wa maji pia. Pima tena baada ya siku moja au mbili. Mkojo ukitiririka na kreatinini ikashuka, figo inafanya kazi. Ikigoma kushuka, hapo kuna kesi. Na ikiwa ya kawaida usijipongeze haraka, maana huanza kupanda figo zikiwa zimepoteza takriban robo tatu ya uwezo wake.

Kipimo cha bei nafuu ni uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Mbuzi aliyekaukiwa maji, kreatinini iko juu, halafu mkojo unasoma kati ya 1.008 na 1.012: figo zimeshindwa kuukoleza. Chukua sampuli kabla ya dripu, la sivyo unapima dripu yako.

Ultrasaundi piga ubavu wa kulia, kwa figo zote mbili. Ile ya kushoto husukumwa upande huo na tumbo kuu. Tafuta figo iliyovimba katikati kwa mkojo.

Tumbo likijaa huku mbuzi akionekana kapata nafuu ghafla, shuku kibofu kimepasuka. Vuta maji ya tumboni: kreatinini yake ikiwa mara mbili ya ile ya damu au zaidi, huo ni mkojo.

Na kabla daktari hajafika, tafadhali, usimpe dawa ya kuongeza mkojo. Njia bado imefungwa.